Chungu cha Sakulenti Hupangwa kwa Mwanga

Chungu cha sakulenti hupendeza kupita kiasi siku kinapopandwa, na hapo ndipo wengi wetu tunapopotezwa. Mimea hii ya majani manene hukua taratibu, haidai maji kila siku, na unaweza kuibana bega kwa bega ndani ya bakuli moja nayo isioneshe dalili ya kuchukia kwa wiki kadhaa. Kwa hiyo mtu yeyote mwenye jicho la rangi na mkono mtulivu anaweza kutengeneza chungu cha kupigiwa picha asubuhi moja. Mimi huvutiwa zaidi na chungu hichohicho baada ya miezi sita, wakati kila mmea umekwisha kutoa siri ya mahali ulipowekwa. Msimamo ninaoushikilia ni kwamba, kwa sakulenti, kupamba na kutunza ni kazi moja. Rangi iliyokuvutia kitaluni, majani yaliyojikusanya vizuri na unene wake ni matokeo ya mwanga na kiu ambavyo mmea uliviishi kabla haujafika mikononi mwako, na anayepanga chungu bila kujua ataendeleaje kuvitoa anapanga kitu kitakachobadilika mbele ya macho yake.

Sakulenti si ukoo mmoja. Ni mimea ya familia nyingi, baadhi zikiwa hazina undugu wa karibu hata kidogo, ambayo kila moja kwa njia yake imezoea kuweka akiba ya maji katika majani, shina au mizizi. Asili ya kaktasi ni mabara ya Amerika, isipokuwa Rhipsalis baccifera inayoota pia Afrika na Sri Lanka. Ilhali Euphorbia nyingi za Afrika, ambazo mtu asiyezoea angeapa kuwa ni kaktasi, ni za familia nyingine kabisa, na utazitambua kwa utomvu mweupe unaochuruzika ukikwaruza shina. Kinachoziunganisha nyingi kati ya sakulenti ni namna ya kutengeneza chakula. Mimea mingine hufungua stomata, yaani vitundu vidogo vya kupitishia hewa, mchana. Hizi hufungua zake usiku, wakati hewa imepoa na maji hayavukizwi sana, zikapokea hewa ya ukaa na kuihifadhi katika umbo la asidi, kisha mchana zikajifunga na kuitumia akiba hiyo katika usanisinuru. Mmea unaoishi hivyo hupoteza maji kidogo mno, lakini aghalabu hulipia kwa kukua polepole. Kwa mpambaji maana yake ni kwamba dosari ya mpangilio huchelewa kuonekana, na marekebisho yake huchelewa vilevile.

Tuanze basi na mwanga, kwa kuwa ndio unaoamua karibu kila kitu kingine. Chukua Echeveria, mmea ambao aina zake nyingi zina asili ya Meksiko na ambao huuzwa kwa wingi kwa sababu majani yake hujipanga mithili ya waridi. Ule wekundu wa kingo za majani, na ile zambarau inayotanda juu ya kijani, ni anthosianini, rangi ambayo mmea huizidisha unapopata jua kali, usiku wa ubaridi, au udongo usio na rutuba nyingi. Uhamishe ndani ya sebule yenye dirisha moja na baada ya wiki chache wekundu utafifia, majani yatalala chini na kuachana, na shina litaanza kurefuka kuelekea dirishani. Urefu ule haurudi. Unaweza kuupeleka mmea juani tena na majani mapya yakajikusanya vizuri, lakini sehemu ya shina iliyokwisha kunyooka itabaki wazi kama shingo ya mbuni. Kwa hiyo kabla sijanunua mmea wowote hukaa na kuangalia mahali chungu kitakapokaa: jua hufika hapo kwa muda gani, hufika asubuhi au alasiri, na kuna ukuta unaolirudisha joto au hakuna. Kwa Echeveria na jamaa zake natafuta muda wa saa 4 hadi 6 za jua la moja kwa moja, na nikiweza kuchagua nachukua la asubuhi. Mmea uliolelewa chini ya kivuli cha wavu hupelekwa juani kidogo kidogo kwa muda wa wiki mbili hivi, maana jani likiungua hubaki na doa la kahawia mpaka linapopukutika.

Mahali pasipo na jua la kutosha hapahitaji kukatiwa tamaa, ila panahitaji mimea mingine na aina nyingine ya uzuri. Haworthia, Gasteria na Sansevieria huvumilia kivuli chepesi kwa sababu wengi wa jamaa zao porini huishi chini ya vichaka au kando ya miamba, na chungu kilichopangwa kwa mimea hiyo hakitegemei rangi kali, hutegemea umbo na mistari. Ningemwomba msomaji, akipata nafasi, ainue Haworthia cooperi hadi usawa wa macho na kuuelekeza kwenye mwanga wa dirisha. Ncha za majani yake hupitisha mwanga kama kioo chenye ukungu, na ndani yake huonekana mishipa myembamba ya kijani ikipanda kutoka chini. Porini sehemu kubwa ya mmea huu huzama ardhini wakati wa ukame na kuacha ncha hizo tu juu, na mwanga huingilia humo hadi kwenye tishu za kijani zilizofichika udongoni. Mmea kama huu ukiuweka katikati ya mimea mirefu yenye rangi nyingi umeupoteza. Unataka chungu kidogo, kilichoinuliwa mezani, na jirani mmoja tu, labda Gasteria yenye majani mapana ya madoadoa, ili jicho lipate kitu kilichofunga mwanga kando ya kitu kinachoupitisha.

Hapo nimegusa jambo la idadi. Wapandaji wengi wa maua hufuata kanuni ya mimea mitatu: mmoja wa kusimama katikati, mwingine wa kujaza nafasi, na wa tatu wa kuning'inia ukingoni. Kanuni hiyo si mbaya, na kwa mtu anayeanza inasaidia, lakini ilitokana na vyungu vya maua ya msimu ambayo hupandwa, hujaa, hukauka na kung'olewa. Sakulenti hukaa miaka. Kinachojaza leo hakitajaza zaidi kwa kasi hiyo, na kinachoning'inia kinaweza kukatika kwa kuguswa, kama Sedum morganianum ambayo hupukutisha majani ukipitisha tu mkono wa shati karibu yake. Naona ni afadhali kuanza na swali la umbo: ni nini kitakachokuwa na mvuto mkubwa, na ni nini kitakachonyamaza pembeni yake? Katika waridi la Echeveria kila jani jipya huchomoza kwa pembe ya takriban nyuzi 137.5 kutoka lile lililotangulia, hivyo majani hayafunikani moja kwa moja na mzunguko wake humvuta mtazamaji hadi katikati. Umbo la namna hiyo limejitosheleza. Ukiyapanga mawaridi tisa ya ukubwa uleule ndani ya bakuli, kila moja litadai kutazamwa na hakuna litakalotazamwa. Yaweke matatu, moja likiwa kubwa dhahiri kuliko mengine, kisha uwape jirani mwenye majani madogo yasiyo na mpangilio mkali, na ghafla yale mawaridi yanaonekana.

Kuhusu rangi nitasema machache, kwa kuwa wengine wamelieleza sana jambo hili na kwa kuwa, kama nilivyokwisha kusema, rangi ni mali ya jua. Buluu yenye majivu, inayopatikana kwa Echeveria nyingi na kwa Senecio za kutambaa, hukaa vizuri na rangi ya chungwa ya Sedum adolphi iliyopata jua. Aeonium nyeusi inahitaji kitu cheupe au cha kijani hafifu nyuma yake, la sivyo kwa mbali huonekana kama tundu. Na chungu chenyewe kina rangi pia. Bakuli la samawati iliyokolea lenye michoro litashindana na kila utakachokipanda, ilhali udongo uliochomwa bila kupakwa kitu hukubaliana na karibu mimea yote.

Niueleze upandaji wa chungu kimoja kwa ukaribu, kile ninachokirudia mara nyingi zaidi: bakuli pana la udongo uliochomwa, upana sentimita 35 na kina sentimita 12, la kukaa juani. Upande mmoja, si katikati kabisa, nasimamisha Portulacaria afra yenye shina jekundu na majani madogo ya mviringo. Ni kichaka cha Afrika Kusini ambacho tembo hukila kwa wingi, nacho huvumilia kukatwakatwa kwa mkasi mpaka kikapata sura ya mti mdogo. Mbele yake nateremsha Echeveria tatu za buluu. Hizi sizishiki kwa majani, kwa maana ule unga mweupe unaoyafunika ni nta inayoukinga mmea na jua na maji, na alama ya kidole ikishabaki juu yake haifutiki; nazishika kwa bonge la udongo wa mizizi na kuzielekeza kwa kijiti. Kila moja nailaza kidogo kuelekea nje. Echeveria nyingi porini huota kwenye kuta za miamba zikiwa zimeinama, na mwinamo huo hufanya mambo mawili kwa pamoja: maji hayatuami kati ya majani, na mtazamaji huliona waridi uso kwa uso badala ya kuliona kutoka ubavuni. Sedum adolphi huenda kwenye ukingo uliobaki. Nafasi ya vidole viwili huachwa kati ya mmea na mmea, na hapo ndipo wageni huuliza kama nilikosa mimea ya kutosha. Udongo husindikwa kwa kijiti hadi chini ya kila mzizi, usawa wake huachwa sentimita 2 chini ya ukingo wa bakuli, vumbi lililoanguka juu ya majani hupanguswa kwa brashi laini ya rangi, kisha chungu hukaa siku kadhaa bila maji ili mizizi iliyokatika ipone kwanza.

Bila tundu la kutolea maji, yote hayo ni bure. Mabakuli ya kioo yasiyo na tundu, ambayo huonekana kila mahali yakiwa na sakulenti ndani, ni namna ya kuzichelewesha kufa, na kuweka kokoto chini hakuondoi tatizo. Hata katika chungu chenye tundu, tabaka la kokoto chini ya udongo halifanyi kazi ambayo watu wengi wanadhani linaifanya. Maji hayashuki kutoka kwenye udongo wa chembe ndogo kwenda kwenye kokoto zenye nafasi kubwa mpaka udongo ule uwe umeshiba kabisa, kwa sababu nguvu inayoyanasa kati ya chembe ndogo huzidi uzito unaoyavuta chini. Kinachotokea ni kwamba eneo lenye majimaji hupandishwa juu, karibu zaidi na mizizi. Kwa udongo wa aina moja, kimo cha eneo hilo hubaki karibu kilekile chungu kiwe kirefu au kifupi. Kwa hiyo katika bakuli la kina kifupi, ambalo ndilo linalozipendeza zaidi sakulenti, sehemu kubwa ya udongo inaweza kubaki imelowa wakati katika chungu kirefu ni sehemu ya chini tu. Anayependa mabakuli mafupi, nami ni mmoja wao, anapaswa kulipa kwa udongo wenye chembe kubwa kutoka juu hadi chini.

Mchanganyiko wangu ni sehemu moja ya mboji iliyochekechwa kwa sehemu mbili za changarawe yenye chembe za milimita 3 hadi 6, iwe ni pumisi, mawe ya volkano, au matofali yaliyopondwa na kuoshwa vumbi lake. Mchanga laini siutumii, kwa kuwa huingia kati ya chembe kubwa na kuziba nafasi zilezile nilizozitafuta. Juu ya udongo natandaza changarawe ya rangi moja, unene wa sentimita 1 au zaidi kidogo. Tandiko hilo huyatenga majani ya chini na unyevu, huzuia udongo kurukia majani wakati wa kumwagilia, na huipa macho sehemu ya kupumzika kati ya mimea; kwa mpangilio wenye mimea michache, ndilo linalotofautisha nafasi iliyokusudiwa na nafasi iliyosahauliwa. Rangi yake naichagua iwe karibu na ya chungu. Mawe ya rangi za dukani, ya waridi na ya buluu, sina subira nayo, na nina subira ndogo zaidi kwa wauzaji wanaogandisha mawe hayo kwa gundi ili yasimwagike njiani. Niliwahi kuletewa zawadi ya chungu cha namna hiyo. Maji niliyoyamwaga yalitelezea juu ya gundi yakatokea ukingoni, na ilinibidi kuuvunja ule ukoko kwa bisibisi kabla mizizi haijaonja tone.

Kumwagilia chenyewe ni rahisi kueleza: mwaga mpaka maji yatoke tunduni, kisha usirudie mpaka udongo uwe umekauka hadi chini, jambo unalolijua kwa kuchomeka kijiti kikavu cha mbao na kukiangalia kinapotoka. Jani la chini likisinyaa na kuwa laini huku likibaki na rangi yake, mmea una kiu. Likivimba, likawa kama linapitisha mwanga na kudondoka kwa kuguswa, umezidisha maji. Ugumu huja pale wenye kiu tofauti wanapokaa chungu kimoja. Aeonium, ambazo nyingi ni za Visiwa vya Kanari, hukua wakati wa ubaridi na mvua na hujikunja kulala wakati wa joto kali, ambapo Echeveria iko katika kukua. Ukizimwagilia pamoja, siku zote mmoja anapewa maji asiyoyataka. Kwa sababu hiyo mimi hupanga vyungu kwa kalenda ya kiu kwanza na kwa sura baadaye, na Aeonium yangu ina chungu chake kando ya vingine, ambapo inaweza kuonekana kama sehemu ya mpangilio bila kunywa navyo. Kundi la vyungu vitatu vyenye mmea mmoja mmoja, vya udongo wa aina moja na vimo tofauti, mara nyingi hupendeza kuliko bakuli moja lililosheheni, tena ukihamisha kimoja hukuharibu kingine.

Kwa wanaoishi penye barafu kuna Sempervivum za milima ya Ulaya, ambazo hukaa nje majira yote. Agizo la mashamba ya kifalme linalohusishwa na Karolo Mkuu, mfalme wa Wafranki huko Ulaya, la takriban miaka 1,200 iliyopita, linamtaka mtunza bustani aoteshe mmea huu juu ya paa la nyumba yake. Ila ujue kwamba kila waridi la Sempervivum hufa baada ya kutoa maua, kama ufanyavyo mkonge, hivyo lile kubwa la katikati siku moja litakuachia pengo. Vitoto vyake vitakuwa vimelizunguka, na pengo hilo huzibika lenyewe.

Ipo mimea ambayo siiweki kwenye chungu cha mchanganyiko hata ikiwa na sura nzuri. Kalanchoe daigremontiana huotesha vichipukizi kwenye kingo za majani, navyo hudondoka na kuota kila penye udongo, mpaka baada ya muda huna mpangilio tena bali una Kalanchoe. Isitoshe ni sumu kwa mifugo. Mnyaa, hasa ule wa matawi mekundu na ya manjano, ni mmea wa kuvutia mno kwa kusimama katikati, lakini utomvu wake huchoma ngozi na unaweza kuyadhuru macho vibaya, kwa hiyo nauweka peke yake, mbali na watoto, na nikiukata navaa glavu na miwani. Siigusi pia mimea adimu isiyoelezeka imetoka wapi. Conophytum za Afrika Kusini zimeng'olewa porini kwa wingi kwa ajili ya wakusanyaji, na katika mwaka 2021 jimbo la California lilitunga sheria mahususi ya kuzilinda sakulenti zake za Dudleya dhidi ya wizi wa namna hiyo. Mmea uliokuzwa kitaluni kutokana na mbegu au kipandikizi huwa na mwili safi na ukubwa unaolingana na wenzake. Wenye makovu mengi na mizizi mikubwa iliyokatwa unastahili kuulizwa maswali kabla ya kulipiwa.

Hata chungu kilichowekwa vizuri hufika mahali kikahitaji mkasi. Portulacaria hupunguzwa wakati wowote wa kukua. Echeveria ambazo zimepoteza majani ya chini na kubaki na shina tupu hukatwa kwa kisu kisafi, sentimita 3 hadi 5 chini ya waridi, na kipande hicho huachwa kivulini siku 3 hadi 7 mpaka jeraha likauke na kuwa gumu, ndipo kinapopandwa kwenye udongo mkavu. Kisiki kibaki kilipo ikiwa bado ni kigumu, maana mara nyingi huchipuza mawaridi madogo mawili au matatu ubavuni, na hayo yakifikia upana wa sentimita 3 yanaweza kutengwa. Kabla sijarudisha waridi lililokatwa kwenye bakuli lake huangalia lile shina lililobaki. Likiwa fupi na nene, limepoteza majani kwa umri tu, na mmea unarudi palepale. Likiwa jembamba, refu na limepinda upande mmoja, mahali pale hapana jua la kutosha, nami huipeleka Echeveria kwenye chungu cha nje na kupanda Gasteria katika nafasi yake.